Wiki za Kwanza Ujerumani: Anza na Jina Mlangoni

Sheria ya Ujerumani inampa kila anayehama wiki mbili. Kuanzia siku aliyoingia kwenye nyumba atakayoishi, anatakiwa afike ofisi ya wakazi ya mji wake aandikishe anwani. Sheria hiyo inamhusu Mjerumani aliyehamia mtaa wa pili sawasawa na mgeni aliyewasili jana kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura. Watu wetu wa huku huiita shughuli hiyo kwa jina lake la Kijerumani, Anmeldung. Ukimwuliza mgeni kama ameshafanya Anmeldung, umemwuliza kama maisha yake yameanza.

Mimi ni mzaliwa wa Kikwajuni, Unguja. Nilikuja Leipzig, mashariki ya Ujerumani, kusoma shahada ya uzamili, na masomo yalipokwisha nikapata kazi, nikabaki. Kila Oktoba, muhula mpya unapoanza, vijana kutoka Afrika Mashariki huingia mjini hapa, na sisi tuliotangulia huwapokea. Nimewaona wengi. Wenye taabu kubwa mwanzoni huwa wale walioshika la tatu kabla ya la kwanza: wanahangaikia kazi kabla ya benki, benki kabla ya anwani, na anwani kabla ya kuhakikisha kwamba chumba walichoahidiwa kipo kweli. Siku za mwanzo ugenini zina mpangilio wake. Anayeujua hulala usingizi hata kama Kijerumani chake bado ni cha kubabaisha.

Nauandika mpangilio huo kwa sababu wanaokuja wanaongezeka. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira, na katika miji yetu mikubwa vijana wanakaa madarasani kujifunza Kijerumani wakiwa na nia ya kuja kusoma chuo au kujifunza kazi, hasa uuguzi. Wanafundishwa sarufi. Ni wachache wanaoambiwa wafanye nini asubuhi ya kwanza.

Jina kwenye sanduku la barua

Mtaa wangu unaitwa Grünau. Ulianza kujengwa mwaka 1976, enzi za Ujerumani Mashariki, kwa kuta za zege zilizotengenezwa kiwandani na kuunganishwa kwenye uwanja wa ujenzi. Mtu wa Unguja akiuona hashangai sana. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki ilisaidia kujenga maghorofa huko kwetu Kikwajuni, na majumba marefu ya Michenzani yaliyofuata ni ndugu wa haya ya Grünau.

Kinachotofautiana ni namna mtu anavyopatikana. Kwetu barua huandikwa S.L.P., nawe huifuata posta. Anayekutafuta nyumbani huuliza dukani, na muuza duka humwonyesha ngazi ya kupanda. Hapa tarishi hamwulizi mtu. Husimama mbele ya masanduku ya chuma yaliyopangwa ukutani, safu juu ya safu, akasoma majina ya ukoo. Milango ya nyumba kwa kawaida haina namba. Jina la kwenye bahasha likilingana na la kwenye sanduku, barua inaingia. Lisipolingana, barua inarudi ilikotoka, hata kama mwenyewe yuko dirishani anamwona tarishi akiondoka.

Na kila kitu hapa huja kwa barua. Kadi ya benki huja kwa barua, namba yake ya siri huja kwa barua nyingine siku tofauti. Kadi ya bima ya afya huja kwa barua. Namba ya kodi ya mapato, yenye tarakimu 11, ambayo mtu hupewa mara moja akawa nayo maisha yake yote, huja kwa barua. Mgeni aliyepanga chumba kwenye nyumba ya mtu mwingine na asiweke jina lake mlangoni, serikali na benki zitamwandikia, naye hatajua.

Mjini hapa tunaye mama mmoja wa Mombasa aliyefika kabla ya wengi wetu. Sote humwita Shangazi. Mkobani mwake hamkosi kalamu ya wino mzito, selotepu na vipande vya karatasi nyeupe. Akimsindikiza mgeni hadi kwenye jengo lake, hapandi ngazi kwanza. Husimama chini, akamwomba pasipoti, akanakili jina la ukoo herufi kwa herufi kama lilivyoandikwa pale, kisha hulibandika kwenye sanduku la barua na kwenye kengele.

"Jina kwanza, mwanangu," huwaambia. "Chai tutakunywa."

"Shangazi, si ninakaa wiki chache tu hapa?"

"Hata siku mbili. Barua haijui kama unapita."

Kwa sisi wa pwani jambo hili lina uzito wa ziada. Wengi tunaitwa kwa jina letu, la baba na la babu, na shuleni au mtaani tunajulikana kwa moja tu kati ya hayo. Ujerumani jina linaloandikwa kwenye pasipoti sehemu ya ukoo ndilo jina lako. Kama pasipoti inasema Juma, basi wewe ni Bwana Juma benki, hospitali na mlangoni, hata kama Juma ni babu yako uliyemzika zamani. Chagua tahajia moja, ile ya pasipoti, ukaishike kila mahali.

Nyumba isiyo na utapeli

Ili uandikishe anwani unahitaji pasipoti, fomu ya ofisi na karatasi moja muhimu kuliko zote: uthibitisho wa mwenye nyumba kwamba umehamia kwake kweli. Sheria ya usajili wa wakazi iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2015 inamlazimu mwenye nyumba kuitoa. Kwa hiyo kabla ya kukubali chumba chochote uliza swali moja: utanipa karatasi ya kujiandikisha? Anayejikunakuna, anayekwambia ulale tu lakini usijiandikishe, mwache. Chumba kisichokupa anwani hakikufai, hata kiwe rahisi namna gani.

Utapeli nao upo, na huwalenga walio mbali. Tangazo lina picha nzuri, bei ni ya chini, na mwenye nyumba anasema yuko nje ya nchi hivyo atatuma funguo kwa posta ukishalipa dhamana. Kijana mmoja niliyempokea alikuwa ameshatuma fedha za namna hiyo kabla ya kupanda ndege. Alipofika na anwani mkononi, mtaa ulikuwepo, jengo lilikuwepo, ila nyumba ile ilikuwa na familia iliyokaa humo miaka mingi na haikujua lolote. Usitume dhamana kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani yake. Bora ulipie hosteli au chumba cha muda siku chache, kisha utafute ukiwa hapa.

Dhamana yenyewe ina mpaka wake kisheria. Haizidi kodi ya miezi mitatu, tena ile kodi isiyohesabu gharama za maji, joto na huduma nyingine, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu za mwezi mmoja mmoja. Matangazo mengi hutaja kodi mbili: "baridi", yaani nyumba tupu, na "joto", yaani pamoja na gharama hizo. Bajeti yako ipange kwa ile ya joto, na uliza kama umeme umo, maana mara nyingi haumo.

Hatua inayofuata nyingine

Ukishapata karatasi ya mwenye nyumba, weka miadi ofisi ya wakazi siku hiyo hiyo kwa intaneti. Miadi hujaa. Ukiona ya karibu ni baada ya wiki tatu, ichukue na uhifadhi uthibitisho wake unaoonyesha siku uliyoomba. Siku ya miadi fika mapema, ukiwa na hati zako halisi na nakala. Mtumishi atakuuliza machache, atachapa karatasi yenye anwani yako mpya na muhuri, na shughuli imekwisha. Karatasi hiyo usiikunje. Utaitoa mara nyingi mwezi huo.

Ya pili ni benki. Tangu mwaka 2016 kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya ana haki kisheria ya kufunguliwa akaunti ya msingi Ujerumani, hata kama hana kipato kikubwa. Benki moja ikikukatalia, omba jibu kwa maandishi, uende nyingine. Kwa mwanafunzi anayejisomesha hatua hii ina haraka yake. Ili apate viza, kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024, alitakiwa kuweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, na fedha hizo humfikia kidogo kidogo, euro 992 kwa mwezi, kwenye akaunti ya kawaida. Bila akaunti ya kawaida ana fedha asizoweza kuzigusa. Ndiyo maana kila mgeni namshauri aje na akiba ya kumtosha mwezi mzima mkononi au kwenye kadi ya nyumbani inayofanya kazi nje.

Ya tatu ni bima ya afya. Ujerumani ilianza bima ya lazima kwa wafanyakazi mwaka 1883, enzi za Kansela Bismarck, na leo kila mkazi sharti awe nayo. Chuo hakikuandikishi bila hiyo. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 hulipa kiwango cha wanafunzi kwenye bima za umma, karibu euro 140 kwa mwezi. Kwa mtu aliyezoea kulipa daktari pale tu anapougua, fedha hii huuma. Lakini siku ukilazwa utaionyesha kadi ile, nawe hutaulizwa habari ya malipo kabla ya kutibiwa.

Jua pia mlango wa kugonga. Kwa hatari ya maisha au moto piga 112. Polisi ni 110. Ukishikwa na homa usiku au Jumapili, isiyo ya kufa, piga 116117, utaelekezwa kwa daktari wa zamu. Na usije na matumaini ya kununua dawa za vijiuasumu juu juu kama dukani kwetu. Hapa haziuzwi bila karatasi ya daktari.

Ya nne ni kibali cha ukaazi. Viza uliyoingia nayo mara nyingi ni ya miezi michache. Ombi la kibali lipelekwe ofisi ya wageni mapema, kabla viza haijaisha, kwa kuwa ofisi hizo zina foleni ndefu kila mji. Hifadhi barua pepe zote na kila stakabadhi. Mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Kiwango hicho kiliongezwa Machi 2024. Kazi ipo, lakini mwajiri atataka namba ya kodi, na namba ya kodi ilitokana na anwani. Umeona tulikoanzia.

Baada ya muda itakuja barua usiyoitarajia, inayokudai mchango wa redio na televisheni za umma. Wageni wengi hudhani ni utapeli kwa sababu hawana hata televisheni. Si utapeli. Ni euro 18.36 kwa mwezi, na hulipwa kwa kila nyumba, si kwa kila kichwa wala kila seti. Mkiwa watatu kwenye nyumba moja anasajiliwa mmoja, nyinyi wawili mnajibu barua kwa kutaja namba yake. Kosa ni kuitupa. Barua ya Ujerumani isiyojibiwa huzaa nyingine yenye faini, na kanuni hiyo inahusu barua zote. Usiyoielewa, ipeleke kwa anayejua siku hiyo hiyo.

Ukishafunga mlango

Nyumba ikishakuwa yako kisheria, inabaki kuishi humo na majirani. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa za ukimya, na Jumapili nzima vilevile. Kutwanga, kutoboa ukuta, muziki wa kusikika kwa jirani, hata kupeleka chupa tupu kwenye kontena la mtaani, hufanywa siku za kazi. Maduka karibu yote hufungwa Jumapili. Katiba ya 1919 iliilinda siku hiyo kuwa ya mapumziko, na katiba ya 1949 ikakirithi kifungu hicho. Anayefika Jumamosi usiku bila chakula atategemea kituo cha mafuta au baadhi ya maduka ya stesheni kuu.

Takataka hutenganishwa. Karatasi kwake, vifungashio vya plastiki na makopo kwake, mabaki ya chakula kwake, na yaliyobaki kwake. Chupa za kioo hupelekwa kwenye makontena ya mtaani kwa rangi: nyeupe, kijani, kahawia. Rangi za mapipa hutofautiana kidogo mji na mji, kwa hiyo soma maelezo yaliyobandikwa. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji yana amana ya senti 25. Usizitupe wala usiziponde. Zirudishe kwenye mashine ya dukani, utapewa karatasi ya kukatwa kwenye manunuzi yako.

Jambo linalowashinda watu wa pwani kuliko yote ni dirisha. Sisi tumekulia kwenye nyumba zenye upepo, madirisha wazi mchana kutwa. Baridi ya hapa inapoanza mtu hufunga kila upenyo, akapika wali wa nazi na samaki, akaanika nguo chumbani, akaoga maji ya moto. Mvuke wote huo hauna pa kwenda. Hutulia kwenye pembe za kuta zenye baridi, nyuma ya kabati, na baada ya wiki chache hutokeza madoa meusi ya kuvu. Mwenye nyumba akiyaona anaweza kudai fidia kutoka kwenye dhamana yako. Dawa yake ni kufungua madirisha wazi kabisa, si nusu, kwa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, hita ikiwa imezimwa, kisha kufunga. Hata theluji ikianguka. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza niliona ni kujitesa. Leo ukuta wangu ni mkavu, na ndilo somo la kwanza ninalompa mgeni akishamaliza kula.

Chakula chenyewe hakina shida kubwa Leipzig. Nenda barabara ya Eisenbahnstraße, upande wa mashariki wa mji. Maduka ya Waarabu yana nyama ya halali, bizari, tende na mikate. Kwa Wavietnamu, ambao baadhi yao wapo mji huu tangu enzi za Ujerumani Mashariki, utapata tui la kopo, mchele wa harufu nzuri na pilipili mbichi. Maduka ya Kiafrika huuza unga mweupe wa mahindi, ndizi za kupika, mihogo na kisamvu cha barafu. Bei ni juu kuliko duka la kawaida, basi yafanye manunuzi ya mara moja kwa wiki mbili. Kwenye usafiri lipia tiketi kabla ya kukaa. Mkaguzi havai sare kila mara, na faini ni euro 60.

Karatasi zikiisha

Wiki za kwanza mtu hana nafasi ya kuhuzunika. Ana miadi, ana foleni, ana fomu. Kisha siku moja mambo yote yanakuwa tayari, na ni Novemba. Jua kwetu huchomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Hapa mwezi Desemba linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi jioni. Anayeingia maktaba asubuhi na kutoka jioni anaweza kupitisha wiki nzima bila kuliona. Ndipo simu ya mama inapokuwa ngumu kuipokea, maana ukisikia sauti yake utalia. Namwambia kila mgeni habari hii Oktoba, kabla haijamfika, ili ikimfika ajue ni majira na si udhaifu wake. Toka nje mchana, hata nusu saa. Mimi huzunguka ziwa la Kulkwitz lililo pembeni ya mtaa wetu. Pangeni kupika pamoja mwisho wa wiki. Na huzuni ikikataa kuondoka, vyuo vina washauri wa bure. Kwenda kwao ni sawa na kwenda kwa daktari wa meno.

Wenzetu Waislamu watauliza habari za saumu. Ramadhani ilipoangukia Juni, katikati ya miaka ya 2010, mchana wa hapa ulikuwa mrefu mno na saumu ilipita saa 18. Sasa mwezi umerudi karibu na majira ya baridi na mchana ni mfupi. Misikiti ipo, na futari ya pamoja ni mahali pazuri pa kupatia watu. Wakristo nao hupata jamaa kanisani kwa namna hiyo hiyo.

Kuhusu majirani, desturi iko kinyume na yetu. Unguja mgeni wa mtaa hufuatwa. Jirani humjia na sahani. Hapa mgeni ndiye anayepiga kengele, akataja jina na kusema anaishi ghorofa gani. Anayengoja kufuatwa atangoja sana, akaamua kwamba watu hawa hawampendi, kumbe nao wanangoja. Gonga mlango siku za mwanzo, mchana, mwite kila mmoja Frau (Bibi) au Herr (Bwana) na jina la ukoo uliloliona kwenye kengele. Ukikutana na mtu kwenye ngazi, salimu kwanza. Salamu ni fupi, na haiulizi watoto wala wazee, lakini asiyeitoa huonekana hana adabu, sawasawa na kwetu. Jirani yangu wa mlango wa pili, mzee aliyehamia Grünau jengo likiwa jipya, ndiye aliyenionyesha mapipa ya taka. Nilimpelekea mandazi. Siku hizi nikisafiri hunichukulia barua.

Na usidhani umekuja mahali ambapo Kiswahili hakijawahi kusikika. Chuo Kikuu cha Leipzig, kilichoanzishwa mwaka 1409, kina masomo ya Kiafrika, na Kiswahili hufundishwa humo. Taasisi ya Herder ya mji huu imekuwa ikiwafundisha wageni Kijerumani tangu miaka ya 1950, na Waafrika wengi walipitia huko kabla ya kuingia vyuo vya Ujerumani Mashariki. Wanafunzi wa Kijerumani wanaojifunza Kiswahili hutafuta watu wa kuzungumza nao. Mpe saa moja ya Kiswahili, naye akupe saa moja ya Kijerumani. Hakuna darasa la bei nafuu kuliko hilo.

Kwa mliobaki nyumbani

Sehemu hii nawaandikia wazazi, kaka, dada na marafiki. Piga hesabu pamoja nami. Kwenye zile euro 992 ondoa kodi ya chumba, ondoa bima ya karibu euro 140, ondoa chakula, simu, mchango wa chuo na koti la baridi. Kinachobaki hakijengi nyumba wala hakilipi ada ya mtoto wa mtu. Na mwezi wa kwanza hata hizo 992 huenda hazijamfikia, kwa sababu akaunti haijafunguliwa, kwa sababu anwani haijaandikishwa. Bado watu humtumia orodha: simu, viatu, mchango wa harusi, deni la zamani. Nimewaona vijana wakikopa Leipzig ili watume Tanga au Kisumu, kwa kuona haya tu kusema hawana. Mmoja aliacha kupokea simu za nyumbani kabisa, na familia ikadhani amejitenga.

Mkubaliane kabla ya safari. Mwambieni kwa midomo yenu kwamba miezi sita ya kwanza hadaiwi kitu. Mkitaka kumpigia, kumbukeni kwamba Ujerumani iko nyuma ya Tanzania na Kenya kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Akipokea, mwulizeni kama amekula, ameshapata marafiki, chumba kina joto. Fedha zitakuja kwa zamu yake.

Nanyi mlioko huku, Leipzig, Hamburg, München au kokote, mkisikia mgeni anafika, nendeni stesheni. Alikuja mtu kuwapokea, au mlitamani angekuja. Saa tatu za Jumamosi moja zinatosha kumfikisha chumbani, kumwekea miadi ya ofisi ya wakazi na kumwonyesha mapipa ya taka. Bebeni kalamu, selotepu na karatasi nyeupe, mbandike jina lake kabla ya kupanda ngazi.